Sheikh Umar al-Mukhtar na Kalamu za Maadui Zake

Katika darasa yetu ya kusoma maisha ya watu wakubwa wa Kiislamu, zamu hii imemwangukia Sheikh Umar al-Mukhtar, shahidi wa Barqa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hatuna haja ya kumjulisha kwa msomaji, kwani jina lake limo vinywani mwa watu na picha yake imetundikwa katika maduka na mabaraza mengi ya pwani yetu. Lakini tulipokaa kuzikusanya khabari zake tulikutana na jambo lililotusimamisha. Mengi yajulikanayo kwa hakika juu ya siku zake za mwisho yameandikwa na wale wale waliomwua. Na baadhi ya yale tuyapendayo zaidi hayakuandikwa na yeyote aliyekuwako. Wanazuoni wetu wa Hadithi walikuwa hawaipokei khabari mpaka wajue imetoka kwa nani na yeye kaipata wapi. Basi tumeona tuyasome maisha haya kwa desturi hiyo.

Alizaliwa katika nchi ya Butnan, upande wa mashariki wa Barqa, katika kabila la Minifa. Vitabu vingi huutaja mwaka wa 1862, lakini karatasi za mahkama ya Wataliana zilimwandika mwaka 1931 kuwa ni mtu wa miaka 73, na kwa hesabu hiyo amezaliwa kiasi cha mwaka 1858. Baba yake alifariki naye angali mdogo, katika safari ya kwenda Hija. Akasomeshwa katika zawiya za Masanusi, kisha akapelekwa Jaghbub, ambako ndiko kulikokuwa na chuo chao kikubwa, akakaa huko miaka kama minane. Baadaye alifanywa shekhe wa zawiya ya al-Qusur, akawa mwalimu wa Qurani na msuluhishi baina ya makabila. Kati ya ndugu zetu wako ambao wakilisikia neno zawiya hukunja uso, na sisi wenyewe tumeandika mara nyingi juu ya bidaa za watu wa tarika. Lakini ni insafu kusema kwamba zawiya za Barqa zilikuwa madrasa, mashamba na nyumba za wageni, na bila ya hizo pasingekuwa na nguvu ya kumzuia adui hata mwaka mmoja.

Wataliana walishuka Libya mwaka 1911. Sheikh Umar alikuwa miongoni mwa waliowapinga tangu siku za mwanzo, lakini vita vyake vikubwa vilikuja baada ya Mussolini kushika serikali mwaka 1922 na Sayyid Idris kuhamia Misri. Tangu mwaka 1923 mzee huyu, aliyekwisha kuvuka miaka sitini, aliongoza jihadi katika vilima vya Jabal al-Akhdar kwa muda wa miaka minane, na watu wake walikuwa wapanda farasi wachache wenye bunduki, mbele ya jeshi lenye ndege na magari ya chuma.

Hapa ndipo magazeti yanapoingia. Mwezi wa Juni 1929 Sheikh Umar alikutana na Badoglio, gavana wa Libya, mahali paitwapo Sidi Rhuma, wakapatana kusimamisha vita kwa muda. Badoglio akapeleka khabari Roma kwamba mzee amejisalimisha na kwamba nchi imetulia. Kwa Sheikh Umar yalikuwa mazungumzo ya watu wawili wenye silaha. Katika khabari za Wataliana yakawa ni mtu mmoja amepiga magoti. Naye hakunyamaza. Mzee huyu wa kuhema mwituni, ambaye adui akimsawiri kama mbedui asiyejua ulimwengu, aliandika maelezo yake akayapeleka Misri, na mwaka ule ule yakatiwa katika magazeti ya huko, akaeleza kwamba Wataliana ndio waliovunja ahadi. Sisi tunaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko mapigano yake mengi. Alitambua kwamba khabari ikiachwa kwa adui peke yake, kesho itageuka kuwa ushahidi. Na ndivyo ilivyokuwa, kama tutakavyoona.

Mwaka 1930 Graziani alitiwa kuwa makamu wa gavana katika Barqa. Alipoona hawezi kuwakamata wapiganaji aliwakamata watu. Wakazi wa Jabal na nyika zake, kiasi cha 100,000 pamoja na wanawake, watoto na mifugo, walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika makambi ya pwani na jangwani, Soluch, al-Agheila, al-Magrun na mengineyo. Kisha mwaka 1931 mpaka wa Misri ulizungushwa seng'enge kwa urefu wa kilomita kama 270, ili chakula na silaha zisipite. Katika vitabu vya serikali jambo hili liliitwa kutuliza nchi. Wakapigwa picha za mahema yaliyopangwa kwa safu zilizonyooka, na atazamaye asiyejua atadhani ni mji wa nidhamu na usafi. Picha haikusema uongo kuhusu mahema, ila haikuonyesha makaburi. Wanahistoria wa Kitaliana wa zama za baadaye, kama Giorgio Rochat na Angelo Del Boca, walizichukua karatasi za jeshi lenyewe, wakalinganisha idadi ya walioingia na waliotoka, wakakisia kuwa kiasi cha watu 40,000 waliangamia kwa njaa, maradhi na kunyongwa. Karatasi hizo zilifungiwa miaka mingi, na waliotaka kuzisoma walisumbuliwa sana.

Lakini ushahidi mmoja haukungoja kufunguliwa kwa makabati. Mwaka 1930 kijana wa Kidenmark, Knud Holmboe, mwandishi wa magazeti aliyesilimu, alipita Libya kwa motokari kutoka Morocco. Aliyaona makambi na watu wakinyongwa, akayaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1931 na kilichopigwa marufuku Italia. Mwaka huo huo aliuawa karibu na Aqaba naye yumo njiani kuelekea Makka, hajatimiza miaka thelathini. Mwenyezi Mungu amkubalie nia yake.

Tarehe 11 Septemba 1931 farasi wa Sheikh Umar alipigwa risasi karibu na Slonta, mzee akaanguka na kukamatwa. Akachukuliwa mpaka pwani, akapandishwa manowari kwenda Benghazi. Hapo ndipo ilipopigwa ile picha tuijuayo: mzee wa ndevu nyeupe, amejitanda nguo yake nyeupe, mikono imo minyororoni, na kumzunguka maofisa waliosimama kama wawindaji waliopata windo lao. Waliipiga kwa fakhari yao, ili Roma ione na makabila yakate tamaa. Hawakujua kwamba watu wataitazama kwa jicho jengine, na kwamba katika kundi lile zima atatafutwa mmoja tu.

Mahkama ilikaa Benghazi tarehe 15 Septemba, saa kumi na moja alasiri. Robo saa baada ya saa kumi na mbili hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Wanahistoria wameikuta simu ya maandishi ambayo Badoglio alimpelekea Graziani kabla ya mahkama kukaa, akiamrisha kwamba hukumu iwe ya kifo na itimizwe mbele ya watu wa makambini. Basi karatasi za kesi ile ni nini? Zina jina la mshitakiwa, umri, kabila, zimeeleza kuwa anajua kusoma na kuandika, zina maswali na majibu kupitia kwa mkalimani. Mtu akizisoma peke yake ataona mahkama. Akizisoma pamoja na simu ile ataona mchezo. Hata hivyo hatuwezi kuzitupa, kwani ndani yake Sheikh Umar amekiri wazi kuwa alipigana na Italia, na amekana kuwa aliwahi kujisalimisha. Hapa tunarudi kwenye khabari ya 1929. Asiyejisalimisha ni mateka wa vita, wala haitwi mwasi. Neno lile lililopelekwa Roma miaka miwili nyuma sasa limekuwa kamba. Wakili aliyetiwa kumtetea, ofisa wa jeshi lao wenyewe, alijaribu kusema kwa ajili yake, na baadaye akaadhibiwa kwa kuonyesha huruma kupita kiasi.

Asubuhi ya siku iliyofuata, saa tatu, alinyongwa Soluch mbele ya watu kiasi cha 20,000 waliotolewa makambini kwa lazima ili watazame.

Graziani aliandika kitabu juu ya vita hivi kikatoka mwaka 1932, na humo akaeleza jinsi alivyozungumza na mfungwa wake. Anakubali kwamba mzee yule alikuwa na akili, haiba na msimamo. Wengi wetu hufurahi kuipokea sifa hii kwa kuwa imetoka kwa adui, na iko haki katika hilo. Lakini tusisahau kwamba mshindi akimkuza aliyeshindwa huwa amejikuza mwenyewe.

Upande wa pili, magazeti ya Kiarabu yaliwaka moto. Amir Shakib Arslan aliandika bila kuchoka, akawaita Waislamu kuzisusia bidhaa za Italia, na washairi wakubwa kama Ahmad Shawqi walimlilia shahidi kwa marthia zao. Twasikitika kuongeza kwamba Amir huyo huyo, baada ya miaka michache tu, alikutana na Mussolini na kalamu yake ikalainika. Hatulisemi hili kwa kumvunjia heshima. Tunalisema kwa kuwa mpokezi wa khabari huangaliwa upande wetu kama anavyoangaliwa upande wa adui.

Na sisi nasi tuna deni. Mwaka 1981 ilitoka filamu ya Moustapha Akkad, iliyogharimiwa na serikali ya Libya na kuzuiliwa Italia. Ni filamu nzuri, na imewafundisha vijana wengi jina la Sheikh Umar. Lakini maneno mengi yanayohubiriwa leo kuwa ni yake, na kuandikwa kwa wino wa dhahabu chini ya picha yake, hayamo katika karatasi za kesi wala katika maelezo ya aliyemsikia; ni ya waliotunga mchezo. Tumewahi kuona hata sura ya mchezaji, Anthony Quinn, imetiwa katika fremu kwa jina la shahidi. Ndiyo maana katika makala hii hatukumtilia kinywani hata neno moja.

Mwezi wa Juni 2009 Muammar Gaddafi alishuka Roma na picha ile ya minyororo ameibandika kifuani, na pamoja naye mtoto wa Sheikh Umar, aliyekwisha kuwa mzee sana. Mwaka huo hatimaye filamu ilionyeshwa katika televisheni ya Italia. Gaddafi huyo ndiye aliyekuwa amelihamisha kaburi la shahidi kutoka Benghazi likapelekwa Soluch. Miezi ishirini baadaye, Februari 2011, watu wa Benghazi walitoka barabarani kumpinga yeye, na picha waliyoinua mbele yao ilikuwa ya mzee yule yule.