Al-Jazari: Elimu iliyomo ndani ya mchezo



Ndugu msomaji, hapa Kharumwa, mkoani Geita, kijana mmoja wa madrasa alituletea kidude cha kuweka mezani alichokiunda kwa spika ya redio mbovu, betri na kibao kidogo cha kompyuta. Ukikibonyeza, hutoa salamu kisha hufanya mzaha. Baba yake alitaka kukitupa, akiona ni upuuzi unaompotezea mwanawe muda, akatutaka tuamue. Kabla ya kuamua, tulimsimulia maisha ya fundi Mwislamu aliyetumikia wafalme kwa kazi ya namna hiyo.

Fundi huyo ni Badiuzzaman Abul-Izz Ismail bin ar-Razzaz al-Jazari. Nisba yake ni ya al-Jazira, nchi iliyo baina ya mito ya Dijla na Furati. Kuanzia mwaka 570 Hijria aliwatumikia watawala wa ukoo wa Artuq, ambao baadaye waliutawala mji wa Amid, ambao leo ni Diyarbakir nchini Uturuki. Alimtumikia baba, kisha mwana, kisha ndugu yake, Nasiruddin Mahmud. Huyu wa mwisho ndiye aliyemwamuru aandike kitabu cha ufundi wake, nacho kilikamilika mwaka 602 Hijria, yaani 1206, kikieleza vyombo 50.

Miongoni mwavyo ni saa ya tembo. Tumboni mwa tembo mlikuwa na tangi la maji, na ndani yake bakuli lenye tundu dogo. Bakuli lilijaa polepole kwa muda wa nusu saa. Lilipozama, lilivuta uzi na kuiachia gololi. Hapo ndege alilia na mwendesha tembo akapiga. Gololi ilipotua kinywani mwa nyoka wa bandia, uzito wake ulimwinamisha, naye akalivuta bakuli juu ili kazi ianze upya. Aliunda pia chombo chenye wanamuziki wanne, cha kuelea bwawani na kuwaburudisha wageni wa mfalme. Na mfalme alipochukia kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi, al-Jazari alimtengenezea mtumishi wa bandia.

Je, huo ulikuwa upuuzi? Fundi huyohuyo, kwa elimu hiyohiyo ya maji, uzito na magurudumu, alisanifu mashine za kupandisha maji, ikiwemo pampu ya silinda mbili. Nani asiyejua thamani ya pampu katika nchi yetu hii ya mashimo ya dhahabu?

Zaidi ya hayo, hakuridhika na maneno matupu ya waliomtangulia. Alijaribu kwa mikono yake, kisha akaandika vipimo na kuchora michoro ili fundi mwingine aweze kuunda chombo kilekile. Ndiyo maana ufundi wake haukuzikwa pamoja naye.

Basi tulimrudishia kijana kidude chake pamoja na daftari jipya. Tulimpa masharti mawili: mchezo usimpite wakati wa sala, na aandike kila waya alikouunganisha na kwa nini. Baba aliondoka amekibeba yeye mwenyewe.

Wallahu aalam.