Hot Rod Hundley: Msee wa Vituko Kwa Basket Aliyeshika Maiki Miaka 35 na Hakuna Mtu Alitaka Aiachilie

Taja Hot Rod Hundley kwa kijana wa mtaa leo na atakuuliza hiyo ni matatu ya route gani. Jina ni ya matatu kweli, hatukatai. Lakini wasee wa Utah na West Virginia huko Marekani wakisikia hilo jina, wanaona mzee wa stori, mzee wa kelele, mzee aliyewafanya wapende basket hata kabla wajue sheria zake.

Hot Rod alidedi Machi 27, 2015, akiwa na miaka 80. Alzheimer ilikuwa imemchezea kichwa, ikamnyang'anya stori moja baada ya nyingine, na huyu alikuwa mtu wa stori. Majimbo mawili yalimlilia kama mjomba wa familia. Cha kushangaza ni kwamba kama mchezaji hakuwahi kushinda taji la NBA, na kuna watu walikuwa wanasema alichezea kipaji chake vile mtoto anachezea chakula.

Sasa mbona mapenzi yote hiyo? Kaa hapo tukupe rada.

Mtoto bila kwao

Jina lake la kitambulisho ni Rodney Clark Hundley, aliyezaliwa Oktoba 26, 1934, mji wa Charleston, West Virginia. Hilo ni jimbo la machimbo ya makaa ya mawe, na miaka hiyo maisha ilikuwa ngumu kwa wengi.

Kwake ilikuwa ngumu zaidi. Wazazi waliachana akiwa mdogo sana. Buda hakuwa karibu, na mathe alilazimika kwenda kusaka kazi mbali, akamwachia watu wengine wamlee. Wazee wawili ndio walimpea mahali pa kulala na chakula. Walimtunza poa, lakini mtoto anajua tu. Wengine wakiitwa na wazazi wao jioni, yeye hana wa kumuita.

Alichopata ni mpira. Na akagundua kitu mapema: ukifunga, watu wanashangilia. Ukifunga kwa vituko, wanashangilia hata zaidi. Kwa kijana ambaye hakuna mtu alikuwa anamngoja nyumbani, hiyo kelele ilikuwa tamu kuliko chochote.

Sarakasi ya chuo

Alipoingia Chuo Kikuu cha West Virginia, mambo yaliwaka. Msee alikuwa na urefu wa karibu sentimita 193, mwembamba, mikono mepesi. Kati ya 1954 na 1957 alifunga pointi 2,180, wastani wa 24.5 kila mechi. Kumbuka hiyo ni enzi ambayo hakukuwa na mstari wa pointi tatu. Timu ikashinda ligi yao, Southern Conference, miaka yote mitatu aliyocheza.

Lakini hakuna mtu alikuwa anakuja kuhesabu pointi. Watu walijaza uwanja kuona vituko. Mechi ikishaamuliwa, Hot Rod alikuwa anageuka kuwa sarakasi. Anazungusha mpira kwa kidole katikati ya mchezo. Anapiga mitupo ya faulo kwa mkono mmoja kutoka juu ya kichwa, upande upande, kama mtu anarusha jiwe kwa embe. Wapinzani walikuwa wanakasirika halafu wanajipata wanacheka pia.

Kuna ile stori inapendwa sana West Virginia. Fainali ya ligi yao, mechi imeisha kabisa, na rekodi ya kufunga iko mbele yake, inangoja tu mitupo miwili ya faulo. Mchezaji yeyote mwenye akili timamu anatulia, anafunga, anaingia kwa vitabu. Hot Rod akapiga zote mbili kwa vituko. Zote zikakosa. Uwanja ukalipuka kwa furaha, rekodi ikabaki ya mwenyewe.

Hapo ndio unamwelewa. Rekodi inakaa kwa karatasi. Kicheko anakisikia hapo hapo.

Wa kwanza kuchaguliwa, halafu?

Mwaka wa 1957, timu za NBA zikichagua vijana kutoka vyuo, Hot Rod ndiye alikuwa jina la kwanza kabisa kutajwa. Cincinnati Royals walimchukua, wakampeleka Lakers moja kwa moja. Na usifikirie Lakers ya Hollywood. Wakati huo Lakers ilikuwa bado Minneapolis, baridi kama friji, na doh ya mchezaji haikuwa ya kuringa nayo.

Huko walikuwa wanasafiri na ndege kuukuu ya DC-3. Usiku wa Januari 18, 1960, wakitoka St. Louis baada ya kuchapwa na Hawks, umeme wa ndege ukazima wote. Hakuna taa, hakuna redio, hakuna joto, na nje ni dhoruba ya theluji. Marubani walizunguka gizani kwa masaa wakitafuta mahali pa kushuka. Mwishowe wakaitua kwa shamba la mahindi karibu na mji wa Carroll, Iowa. Mahindi hayakuwa yamevunwa, theluji ilikuwa nzito, ndege ikateleza ikasimama. Wote walitoka wazima. Fikiria, Hot Rod alikuwa ndani pamoja na Elgin Baylor. Mahindi ya mkulima mmoja yaliokoa historia ya Lakers.

Mwaka huo huo timu ikahamia Los Angeles. Jerry West, kijana mwingine wa West Virginia, akaingia, na kocha akawa Fred Schaus, yule yule aliyekuwa amewafundisha wote wawili chuoni. Hot Rod alikuwa amepata jua, taa za mji na sherehe za usiku, na usiku alikuwa anaupenda sana.

Uwanjani alikuwa fiti. Alichaguliwa kwa mechi ya mastaa wote mara mbili, 1960 na 1961. Lakini kwa mtu aliyechaguliwa wa kwanza, wastani wa pointi 8.4 kwa miaka sita si hesabu ya kuandikia nyumbani, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kujicheka. Novemba 1960 Baylor alifunga pointi 71 dhidi ya New York Knicks. Kuanzia siku hiyo, Hot Rod alikuwa anawaambia watu kwamba kuna usiku yeye na Baylor walifunga 78 wakiwa wawili. Kugawanya hiyo hesabu alikuachia wewe.

Sekunde tano za Boston

Hii ndio sehemu ya kusoma polepole.

Aprili 18, 1962. Fainali ya NBA, mechi ya saba, Boston Garden. Lakers na Celtics wako 100 kwa 100. Zimebaki sekunde tano na mpira ni wa Lakers. Timu iko na Baylor. Iko na West. Lakini wote wamefunikwa, na mpira uko mikononi mwa nani? Mchekeshaji.

Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote alikuwa ametafuta macho ya watu. Sasa macho yote ya Marekani ya basket yako kwake, na kwa sekunde hivi kuna nafasi ya kupiga. Mtu yeyote aliyemjua angebet kwamba atapiga, tena kwa mbwembwe.

Hakupiga. Aliona Frank Selvy yuko peke yake upande wa kushoto, karibu na mstari wa mwisho. Selvy ndiye alikuwa amefunga vikapu viwili vya kusawazisha, mkono wake ulikuwa moto. Hot Rod akampasia. Ilikuwa pasi sahihi, ya mtu mzima, ya kitimu. Selvy akapiga, mpira ukagonga ringi ukatoka. Bill Russell, aliyemaliza na ribaundi 40, akaumeza. Muda wa ziada Celtics wakashinda 110 kwa 107.

Lakers wangeendelea kuchapwa na Boston kwa fainali hadi mara sita kabla ya 1970. Huo mpira wa Selvy ndio ungebadilisha kila kitu.

Hot Rod alifanya nini na hayo maumivu? Aliyageuza kuwa mzaha, kama kawaida. Miaka mingi baadaye bado alikuwa anampigia Selvy simu, anamsifia kwa ule mpira, halafu anakata. Alikuwa pia anawaambia watu kwamba angepiga yeye na uingie, angekuwa meya wa Los Angeles. Watu walikufa kicheko. Lakini mtu hawezi kurudia mzaha mmoja miaka yote hiyo kama kidonda kimepona kabisa.

Mwaka uliofuata, 1963, magoti yalikataa. Alistaafu akiwa na miaka 28. Kitabu kuhusu maisha yake kilipotoka 1970, kilichoandikwa na Bill Libby, kiliitwa Clown. Hapo ndipo ilionekana kwamba alijua angeweza kuwa mkubwa zaidi kama angekaa serious. Hilo swali lilimfuata.

Maiki ikampata

Wengi wakitoka uwanjani wanapotea. Hot Rod alibadilisha tu kiti. Alianza kutangaza, akakaa kando ya Chick Hearn, sauti kubwa ya Lakers, halafu akaenda Phoenix Suns. Mwaka wa 1974 timu mpya ikaanzishwa, New Orleans Jazz, na wakampea maiki.

Hapo kwanza alikutana na Pete Maravich, fundi wa pasi za nyuma ya mgongo, mchezaji wa maonyesho kama yeye tu, lakini na kipaji cha kutisha. Hot Rod ndiye alikuwa sauti ya hiyo timu. Mtu aliyewahi kuambiwa vituko ni kupoteza wakati, sasa kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu utamu wa vituko.

Mwaka wa 1979 Jazz ikahama hadi Salt Lake City, Utah. Sasa cheki hii. Utah ni jimbo la Wamormoni, watu wa kanisa, wengi hawagusi pombe wala kahawa. Na mnawaletea Hot Rod, mkurugenzi wa sherehe za usiku! Ungedhani watamfukuza kwa wiki mbili. Kumbe ndoa ilidumu miaka 30.

Siri ilikuwa kazi yenyewe. Kwa miaka mingi sauti yake ilikuwa inaenda kwa TV na redio kwa wakati mmoja, hadi 2005. Hiyo si rahisi. Mwenye TV anaona mpira, hataki umueleze kila kitu. Mwenye redio yuko kwa lori barabarani usiku, haoni kitu. Hot Rod alibonga haraka, maneno mafupi, mpira uko wapi, nani anao, anaruka vipi, na bado mtu wa TV hakuboeka. Mtoto wa shambani Utah angefunga macho na aone John Stockton akimpasia Karl Malone.

Mei 29, 1997, Stockton alipofunga ule mpira wa mwisho Houston na kuipeleka Jazz fainali ya kwanza ya historia yao, ni sauti ya Hot Rod iliyopasuka kwa redio za Utah. Na Juni 14, 1998, Michael Jordan alipopiga ule mpira uliowanyima taji, 87 kwa 86, tena Salt Lake City mbele ya watu wao, ni yeye alikuwa sauti ya hiyo huzuni. Kwenye jengo lote, ni wachache walijua kama yeye fainali kupotea kwa mpira mmoja inahisi aje.

Buriani

Mwaka wa 2003 Hall of Fame ya basket ilimpa tuzo ya Curt Gowdy ya watangazaji. Mwaka wa 2009 akaweka maiki chini, baada ya misimu 35 na mechi 3,051 na Jazz. Timu iliyowatoa Jazz kwa mchujo msimu huo wa mwisho? Lakers, timu yake ya zamani. Mwaka wa 2010 chuo chake kikastaafisha jezi yake, namba 33.

Halafu Alzheimer ikaja, na 2015 akaenda.

Waliomlilia wengi hawakuwahi kumuona akicheza. Hawakujua 2,180 wala 8.4. Walimlilia kwa sababu alikuwa kwa gari wakitoka kazi na buda zao, alikuwa jikoni mathe akipika, alikuwa chini ya mto mtoto akiwa amefichwa redio ili asikamatwe hajalala. Mtoto aliyelelewa kwa nyumba isiyo yao aliishia kuwa na kiti kwa nyumba za jimbo zima.

West Virginia walimwekea sanamu mwaka wa 2016, nje ya uwanja wa chuo, mahali Jerry West pia ako na yake. Salt Lake City, kule juu darini, kuna jezi ya Stockton, ya Malone na ya Maravich. Katikati ya hizo namba kuna bango moja halina namba yoyote. Limechorwa maiki tu.