Mtoto wa Izmir na Kigari cha Nyeri

Safari hii nilikwenda Nyeri kwa ajili ya kigari cha binti yangu. Ni motokaa ndogo ya Kijapani, katika zile ambazo mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, na umri wake wapata miaka 30. Nilikuwa nikikiendesha mimi mwenyewe Mombasa, na yeye alipopata kazi huku chini ya Mlima Kenya nikampa. Mombasa hatuna milima. Barabara ya kutoka Nyeri kwenda Othaya ni kona juu ya kona, unashuka bonde hili na kupanda lile, na asubuhi ukungu huwa umelala na lami imelowa. Binti yangu alinipigia simu akasema kigari hakimtii. Akikata usukani kinachelewa kuitika, kisha kikiitika chainama ubavu kama jahazi lililopakiwa vibaya. Na humo ndimo anamompakia mjukuu wangu kila siku kumpeleka shule. Usiku ule ule nilikuwa ndani ya basi.

Fundi tuliyempata hana ofisi wala cheti ukutani. Ana mti, mabati manne, jeki mbili na mikono yake. Alikizunguka kigari, akakandamiza kila pembe kwa uzito wake wote na kuachia, akitazama kinadunda mara ngapi kabla ya kutulia. Pembe za nyuma hazikutulia upesi. Kisha akaingia chini, na alipotoka akauliza ni nani aliyeweka spesa.

Msomaji anayeendesha gari nchini humu atajua nasema nini. Spesa ni vipande vinavyotiwa kwenye springi ili gari dogo liinuke, lisikwaruze tumbo kwenye matuta na mashimo. Aliyeziweka ni mimi. Barabara ya mtaani kwangu hujaa maji kila masika, nikaona nikiinue kigari nipate raha. Sikujua kuwa nimeuinua na uzito wake, na uzito ukiwa juu, gari likiingia konani huvutwa nje na kulalia ubavu mmoja. Fundi alinieleza haya kwa upole, kama mtu anayemweleza mzee jambo ambalo hataki kumtahayarisha nalo.

Alizitoa. Akatoa pia bushi za mikono ya mbele, yaani vile vikombe vya mpira vinavyoshika vyuma vya magurudumu, akanionyesha jinsi zilivyopasuka kama ngozi ya kiatu kilichoachwa juani. Boljointi ya kushoto ilikuwa ikicheza. Shoki za nyuma, zile silinda za kuupooza mdundo, zilikuwa zimekwisha kuvuja mafuta yote. Na matairi ya nyuma hayakuwa sawa na ya mbele kwa kipimo, jambo ambalo pia lilikuwa langu, maana niliyanunua kwa bei rahisi. Kazi ilikuwa ya siku mbili. Nikakaa kwenye kigoda chini ya mti ule, na mbele yangu mkebe umejaa bushi mpya, mpira mweusi unaong'aa. Ndipo nilipomkumbuka mtu mmoja ambaye pwani yetu haimtaji, naye alijenga jina lake juu ya magurudumu manne madogo na mpira.

Jina lake ni Alexander Issigonis, na wenziwe walimwita Alec. Alizaliwa tarehe 18 Novemba 1906 katika mji wa Izmir, ambao Wazungu waliuita Smyrna, wakati huo ukiwa bandari kubwa ya dola ya Uthmaniya. Baba yake, Constantine, alikuwa Mgiriki mwenye uraia wa Kiingereza, na mama yake, Hulda, wa asili ya Kijerumani. Familia ilikuwa na karakana ya mitambo ya meli. Mtoto alikua akisikia nyundo na kuona chuma kikichongwa, katika mji ambamo adhana na kengele za makanisa zilisikika mtaa mmoja.

Hapa lazima niseme jambo. Babu yangu alikuwa akitusimulia kwa fahari namna Waturuki walivyowafukuza Wagiriki waliokuwa wameiteka Izmir mwaka 1919. Kwetu sisi watoto wa chuoni hiyo ilikuwa hadithi ya ushindi, na haikuwa na upande wa pili. Jeshi la Mustafa Kemal liliingia mjini tarehe 9 Septemba 1922, na siku nne baadaye ukazuka moto ulioteketeza mitaa ya Wagiriki na Waarmeni, watu kwa maelfu wamejazana gatini, nyuma yao moto na mbele yao bahari. Nani aliyeuwasha, Waturuki na Wagiriki hawajapatana hata leo. Mwezi huo huo manowari za Waingereza ziliwaokoa raia wao na kuwapeleka Malta. Miongoni mwao alikuwa kijana wa miaka 15, na baba yake, na mama yake. Karakana waliiacha nyuma. Baba hakuufika mwisho wa safari, alifia Malta. Mwaka 1923 mama na mwanawe walifika Uingereza wakiwa wageni katika nchi ambayo pasipoti zao zilisema ni yao.

Babu yangu hakunisimulia habari za gati lile. Simlaumu, hakuwa nazo.

Kijana aliingia chuo cha ufundi cha Battersea, London. Kuchora alijua, tena kwa mkono mtupu bila rula, lakini hesabu zilimshinda: alianguka mtihani huo mara 3. Tangu hapo akawa na chuki na wanahesabu ambayo hakuificha maisha yake yote, na kwa maoni yangu ilimpa ujasiri na ilimpa hasara pia. Stashahada aliipata. Akamzungusha mama yake Ulaya katika motokaa iliyokuwa ikiwaharibikia njiani mara kwa mara, na huenda hakuna chuo kilichomfunza zaidi ya hiyo.

Miaka ya 1930, yeye na rafiki yake George Dowson walijitengenezea gari la mashindano ya kupanda vilima. Waliliunda kwa mikono, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, kwa miaka kadhaa, likakamilika mwaka 1938. Lilikuwa jepesi mno, na badala ya springi za chuma za kawaida alitumia mpira. Watu walicheka mpaka walipoliona likipanda kilima. Kwa fundi yeyote wa Nyeri, Karatina au Nanyuki, habari hii haihitaji tafsiri: ni vijana wawili, gereji ndogo, vyuma vya kuokoteza na kilima mbele yao.

Mwaka 1936 alikuwa amekwisha kuajiriwa na kampuni ya Morris, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ndipo alipoanza kuchora gari dogo lililopewa jina la siri la Mbu. Karibu na mwisho wa kazi aliona ni jembamba mno, halikai vizuri barabarani. Akaamuru gari la mfano lipasuliwe katikati kwa urefu, nusu mbili zitenganishwe mpaka macho yake yaridhike, na pengo lile likatoka inchi 4. Mwenye kampuni, Lord Nuffield, hakulipenda gari lenyewe wala sura yake. Lilitoka mwaka 1948 kwa jina la Morris Minor, likawa gari la kwanza la Kiingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Wenye umri wangu wanalikumbuka, mviringo kama kobe, mali ya walimu na makarani. Lilikuja hata kwetu, na barabara lilizishika.

Sasa msomaji anisikilize vizuri, kwani hapa historia yazunguka na kurudi nyumbani. Mwezi Julai 1956 Gamal Abdel Nasser alitangaza kuwa Mfereji wa Suez ni mali ya Misri. Wazee wetu waliosikiliza Sauti ya Cairo wanajua furaha iliyotanda pwani. Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliivamia Misri, mfereji ukafungwa, mafuta yakawa adimu, na kuanzia Desemba mwaka huo Waingereza waligawiwa petroli kwa kadi. Wakaanza kununua vigari vya Kijerumani vya magurudumu matatu, vyenye umbo la yai. Mkuu wa kampuni ya BMC, Leonard Lord, alikasirika, akamwita Issigonis, akamtaka atengeneze gari dogo la kweli, na upesi. Kwa hiyo mtoto aliyefukuzwa Izmir na majeshi ya Waturuki alipata kazi ya maisha yake kwa tendo la rais wa Misri. Mola hupanga.

Alichokifanya ni hiki. Gari lisizidi urefu wa futi 10, na sehemu nane katika kumi za urefu huo wapewe watu na mizigo yao. Injini akailaza kwa upana badala ya urefu, giaboksi akaitia chini yake humo humo kwenye mafuta ya injini, na magurudumu ya mbele ndiyo yakavuta. Magurudumu yakawa ya inchi 10 tu, nayo akayasukuma mpaka kwenye pembe nne kabisa. Badala ya springi, rafiki yake Alex Moulton akamtengenezea koni za mpira ambazo kadiri zinavyobanwa ndivyo zinavyokuwa ngumu, hata gari likiwa na mtu mmoja au wanne halipepesuki. Uzito uko chini, magurudumu yako mbali, mpira unashika. Ndiyo yale yale aliyokuwa akinieleza fundi wangu chini ya mti, na ndiyo yale niliyoyaharibu kwa spesa zangu.

Mini ilitoka tarehe 26 Agosti 1959, bei yake chini ya pauni 500. Mtu mmoja mtengenezaji wa magari ya mashindano, John Cooper, aliona kuwa kigari hiki kikitiwa nguvu kitayashinda makubwa. Issigonis hakutaka, alisema na nafsi yake kuwa ameunda gari la watu wa kawaida. Cooper alipewa ruhusa, na Mini ikashinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, kwenye theluji na kona za milimani. Mwaka 1966 pia ilifika ya kwanza, ikanyang'anywa ushindi kwa sababu ya taa zake.

Sitaki msomaji adhani namsifu tu. Mini za kwanza ziliingiza maji sakafuni, na mvua ikinyesha injini ilikuwa ikizimika, kwani vifaa vya cheche vilielekea mbele kabisa. Vioo vya milango vilikuwa vya kusukumwa kando, viti vigumu, na mwenyewe hakutaka kusikia lalamiko. Raha ya abiria aliiona ni uvivu. Ushauri wa wauzaji hakuusikiliza, na wa wahasibu hata kidogo. Kampuni iliuza Mini kwa mamilioni na faida ikawa kiduchu. Kwa barabara zetu za makorongo tumbo lake lilikuwa chini mno. Na hata ile hila ya giaboksi chini ya injini haikudumu. Ni Dante Giacosa wa Fiat aliyeiweka kando ya injini, katika gari la mwaka 1964, na huo ndio mpango walioufuata Wajapani, na ndio uliomo katika kigari cha binti yangu.

Lakini mwaka 1968 alikuwa akichora gari la kuirithi Mini, lililoitwa 9X. Lilikuwa fupi kuliko Mini yenyewe, lenye nafasi zaidi ndani, na mlango wa nyuma wa kufunguka juu. Ndilo gari dogo ambalo dunia nzima ingekuja kulitaka. Mwaka huo huo kampuni iliunganishwa na nyingine ikawa British Leyland, wakubwa wapya wakaona fedha hazitoshi, na 9X ikawekwa kando. Gari lake la mwisho kuingia barabarani lilikuwa Austin Maxi la mwaka 1969, nalo la mlango wa nyuma, zuri ndani na baya kwa sura. Mwaka huo alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1971 akastaafu.

Hakuoa. Aliishi na mama yake Hulda tangu gati la Izmir mpaka mama alipofariki mwaka 1972, miaka 50 kamili. Akamfuata tarehe 2 Oktoba 1988, mjini Birmingham, akiwa na miaka 81. Mini iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2000, na jumla yake ilipita milioni 5.

Jioni ya siku ya pili fundi aliniita. Magurudumu yalikuwa yamekwisha kupimwa yatazame mbele sawasawa, na kigari kimekaa chini, kama kilivyotoka kiwandani. Binti yangu alishika usukani, mimi kando yake, mjukuu nyuma, tukateremka njia ya Othaya. Kona ya kwanza niliufumba mkono kwenye mlango. Ya tatu niliuachia. Mtoto alikuwa amelala.

Spesa zangu fundi alizifunga katika gazeti akanipa, kwani ni mali yangu. Nimerudi nazo Mombasa, na sasa naandika haya zikiwa juu ya meza.