Arnold Kegel, munganga wa misuli ya chini

Mama akiisha kuzaa, wakati mwingine mukunga anamwambia akaze misuli ya chini sawa mutu anayekata mukojo, aachilie, kisha arudilie. Mazoezi hayo yana jina la mwanaume: Kegel.

Arnold Kegel alizaliwa mwaka 1894 Marekani, akakuwa munganga wa magonjwa ya wanawake mujini Los Angeles. Wakati ule, mama aliyepoteza mukojo akikohoa ao akibeba muzigo alipelekwa mara nyingi kupasuliwa. Kegel naye alipasua, lakini aliona wengine wanarudi na shida ile ile. Akageukia misuli yenyewe. Iko chini ya nyonga, imetandikwa sawa kitanda cha kamba, inabeba kibofu, kizazi na matumbo. Ukiiacha inalegea, ukiitumikisha inapata nguvu.

Kumbe wamama wengi walikuwa wanakaza tumbo ao matako tu! Akatengeneza kipimo: kampira kanaingizwa ukeni, kameunganishwa na saa ya presha, mama anaona mwenyewe sindano ikipanda. Dakika 20, mara tatu kwa siku. Mwaka 1948 akaandika habari yake katika gazeti la waganga. Kegel alikufa mwaka 1972.

Sasa, jina lake likatembea kuliko mafundisho yake. Yeye alitafuta misuli iliyolegea. Lakini mama mwenye maumivu chini ya tumbo kupita miezi sita, anayeumia akiketi ao akilala na bwana yake, mara nyingi misuli yake imejikaza, haijui tena kuachilia. Ukiigusa inauma. Tena haina nguvu, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Muchimbaji anaelewa: ukishika nyundo kutwa nzima, mangaribi vidole havifunguki, na nguvu imekwisha. Nani atakuambia ukaze tena ngumi?

Mama wa namna hiyo, mazoezi ya kukaza yanaweza kumuzidishia maumivu. Yeye anajifunza kuachilia: kupumua polepole mpaka tumbo lijae, kulegeza chini sawa mutu anayeanza kukojoa. Munganga wa kineziterapi anaweza kuibonyeza misuli taratibu. Lakini kwanza wapime kizazi, mukojo na ambukizo, juu maumivu haya yana mizizi mingi.

Na ninyi wababa munaokaa kwenye machimbo wiki nyingi: siku munarudi Eringeti, bibi akikataa kulala nanyi, musikimbilie kuwaza mwanaume mwingine. Pengine anaumia na anaona haya kusema. Mumusindikize kwa munganga, na mama aombe wapime na misuli ya chini, si kizazi peke yake.