Āpirana Ngata: Msomi Aliyeirudisha Elimu kwa Jamii

Utangulizi

Aghalabu msomi wa kwanza wa jamii fulani husifiwa kwa shahada aliyoipata. Nadra ni yule anayekumbukwa kwa jinsi alivyoitumia shahada hiyo kuwafungulia njia waliomfuata. Sir Āpirana Turupa Ngata wa Nyuzilandi alikuwa miongoni mwa hao wachache. Alikuwa Mmaori wa kwanza kuhitimu katika chuo kikuu nchini humo. Hata hivyo, jina lake halikudumu kwa sababu hiyo pekee, bali kwa sababu alikataa kuamini kwamba mtu hana budi kuuvua Umaori wake ili awe msomi.

Msimamo huo haukuwa rahisi katika enzi yake. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Wamaori walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya ardhi yao kupitia vita, unyakuzi na mauzo. Maradhi yaliyoletwa na wageni yalikuwa yamewapukutisha. Sensa ya mwaka 1896 ilihesabu Wamaori takriban 42,000 tu, na Wazungu wengi waliwaona kama kaumu iliyokuwa ikielekea kutoweka. Swali lililowakabili vijana wachache waliosoma lilikuwa zito: je, elimu ya mgeni ingewaokoa watu wao, au ingekamilisha kazi ya kuwameza?

Kuzaliwa na Malezi

Ngata alizaliwa tarehe 3 Julai 1874 huko Te Araroa, katika pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini. Kabila lake lilikuwa Ngāti Porou. Baba yake, Paratene Ngata, alikuwa mwenye duka na pia mjuzi wa nasaba na mapokeo ya kabila. Mama yake, Katerina Naki, alikuwa na damu ya Kiskoti kwa upande wa baba. Malezi ya mtoto huyo yaliathiriwa pia na babu yake mdogo, Ropata Wahawaha, aliyekuwa jemadari mashuhuri wa Ngāti Porou na aliyeona kwamba vijana wa kabila wangehitaji maarifa ya Kizungu ili waweze kujitetea.

Hivyo basi Ngata alilelewa kati ya vyanzo viwili vya maarifa. Nyumbani alisikia nyimbo, nasaba na hotuba za wazee kwenye marae, yaani uwanja wa ukoo wenye nyumba ya mikutano. Shuleni alifunzwa Kiingereza, Kilatini na hisabati. Jambo la kutazamwa ni kwamba wazee wake hawakumpeleka shule ili awakimbie. Walimtuma kama mjumbe, na mjumbe hutarajiwa kurudi.

Safari ya Elimu

Alipokuwa na umri wa takriban miaka tisa alipelekwa Te Aute, shule ya bweni ya Kianglikana katika eneo la Hawke's Bay. Mwalimu mkuu, John Thornton, aliamini kwamba wavulana wa Kimaori waliweza kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu sawa na wengine, naye akawaandaa kwa hilo. Imani hiyo haikuwapendeza wote. Mwaka 1906 tume ya kifalme ilipendekeza shule hiyo itilie mkazo kilimo na kazi za mikono, kana kwamba kijana wa Kimaori hakustahili kutazamia zaidi ya hapo.

Kufikia wakati huo Ngata alikuwa amekwisha kuthibitisha kinyume chake. Alijiunga na Chuo cha Canterbury mjini Christchurch, akahitimu shahada yake ya kwanza mwaka 1893. Baadaye alifunzwa kazi ya uwakili mjini Auckland, na mwaka 1896 akapata shahada ya sheria. Angeweza kubaki mjini na kujitajirisha kwa uwakili. Badala yake alirejea Waiomatatini miongoni mwa Ngāti Porou, pamoja na mkewe Arihia, waliyeoana mwaka 1895.

Chama cha Wanafunzi

Hata kabla ya hapo, wanafunzi wachache wa Te Aute walikuwa wameanza kutumia likizo zao kutembelea vijiji na kuhimiza usafi, afya na kujiepusha na ulevi. Mwaka 1897 juhudi hizo zilipewa umbo jipya kwa kuundwa Chama cha Wanafunzi wa Te Aute, kilichowaleta pamoja waliohitimu na waliokuwa bado masomoni. Ngata alikuwa mhimili wake, na miaka miwili baadaye akawa katibu msafiri. Alizunguka vijijini akisikiliza malalamiko ya watu na kuwaeleza mipango ya chama.

Kutoka katika kundi hilo walichipuka viongozi wa kizazi kizima. Maui Pomare alisomea udaktari Marekani akarejea kuhudumia afya ya Wamaori. Te Rangi Hīroa, aliyejulikana pia kama Peter Buck, naye alikuwa daktari, kisha mwanaanthropolojia na mkurugenzi wa Makumbusho ya Bishop huko Honolulu. Wote watatu waliingia bungeni, na kundi lao likaja kujulikana kama Chama cha Vijana wa Kimaori.

Hata hivyo, chama hicho hakikukosa dosari. Katika siku zake za mwanzo baadhi ya wanachama waliziona mila nyingi kama kikwazo, wakazikemea sherehe na matanga mbele ya wazee kwa sauti ya vijana waliodhani kwamba wanajua yote. Ngata alikuja kutambua kwamba njia hiyo haikuwa na baraka. Kijana aliyewadharau wazee hakusikilizwa, na maarifa yake, hata yawe mema namna gani, yalibaki kuwa maneno ya mgeni. Tangu hapo alisisitiza kwamba mabadiliko yapitie kwa viongozi wa ukoo, kwenye marae na kwa lugha ya watu wenyewe.

Bungeni na Mashambani

Mwaka 1905 Ngata alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Maori la Mashariki, kiti alichokishikilia kwa miaka 38. Shughuli yake kuu ilikuwa ardhi. Kwa mujibu wa sheria za urithi, kila kipande kiligawanyika kwa kila kizazi, hata mtu mmoja akawa na visehemu vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Hakuna aliyeweza kuvilima kwa faida, wala kukopa fedha kwa dhamana yake. Ngata alisimamia mipango ya kuunganisha hisa hizo na kuwawezesha wenye ardhi kufuga kondoo na ng'ombe kwa pamoja. Ukoo ambao wengine waliuona kama kizuizi cha maendeleo, yeye aliufanya kuwa nguzo ya uchumi.

Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1927, na mwaka 1928 akawa Waziri wa Masuala ya Wenyeji. Mwaka uliofuata alifiwa na mkewe na mwanawe mkubwa. Aliendelea kuisukuma miradi ya ardhi kwa kasi, wakati mwingine bila kujali taratibu za hesabu za serikali. Mwaka 1934 tume ya uchunguzi ilikosoa vikali usimamizi wa idara yake. Haikuonyesha kwamba alijitajirisha, lakini kasoro zilikuwepo, naye akajiuzulu.

Nyimbo Zilizofungua Mlango wa Chuo

Kwa mwanafunzi wa lugha, huenda sehemu yenye mafunzo zaidi katika maisha ya Ngata ni kazi yake ya ukusanyaji. Kwa miongo kadhaa alikusanya nyimbo za jadi za Wamaori: mbembezi, maombolezo na nyimbo za mapenzi. Alizichapisha katika diwani iitwayo Ngā Mōteatea, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1928. Aliongezea maelezo ya watunzi, nasaba zao na mahali palipotajwa.

Kazi hiyo ilikuwa pia silaha. Katika miaka ya 1920 Ngata na wenzake walikuwa wakipigania Kimaori kikubaliwe kuwa somo la shahada katika Chuo Kikuu cha Nyuzilandi. Hoja waliyokabiliwa nayo ilikuwa kwamba lugha hiyo haikuwa na fasihi ya kusomwa. Ngata hakujibu kwa hamaki. Alijibu kwa maandishi. Hata baada ya somo hilo kukubaliwa, ufundishaji wenyewe ulichelewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulipoanzishwa mjini Auckland na Bruce Biggs.

Ngata mwenyewe alijifunza katika suala la lugha. Kuna wakati aliamini kwamba shule zitilie mkazo Kiingereza, kwa kuwa Kimaori kingejitunza nyumbani. Alipoona watoto wakikua bila lugha ya wazazi wao, alibadili msimamo na kukitetea Kimaori waziwazi.

Kuandaa Warithi

Ngata hakutaka kuwa mti mkubwa usioacha mche chini yake. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 64, alikuwa miongoni mwa waliofanikisha mkutano wa viongozi vijana wa Kimaori katika Chuo Kikuu cha Auckland. Vijana wa makabila mbalimbali walijadili ardhi, makazi, afya, elimu na lugha. Mikutano ya aina hiyo ilirudiwa mwaka 1959 na 1970.

Katika Vita vya Pili vya Dunia alihimiza kuundwa kwa Kikosi cha 28 cha Wamaori, na vijana wengi wa pwani yake hawakurudi. Mwaka 1945 sheria ilianzisha mfuko wa ufadhili wa masomo kwa wanafunzi Wamaori, kwa kumbukumbu ya kikosi hicho na ya Luteni Ngarimu wa Ngāti Porou, aliyetunukiwa nishani ya Victoria Cross baada ya kuuawa vitani. Kufikia hapo Ngata alikuwa amekwisha kupoteza kiti chake cha bunge, katika uchaguzi wa 1943. Mwaka 1948 alitunukiwa shahada ya heshima ya uzamivu. Alifariki Waiomatatini tarehe 14 Julai 1950.

Hitimisho

Kimaori kilifanywa lugha rasmi ya Nyuzilandi mwaka 1987, na sura ya Ngata imo katika noti ya dola 50 ya nchi hiyo. Lakini kumbukumbu iliyo hai zaidi ni ile ya wanafunzi waliogundua kwamba likizo si muda wa kupumzika tu. Chama chao kilianza bila fedha wala ofisi kubwa. Kilikuwa na vijana waliokubali kwamba shahada ni deni. Kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wao hurejea kwa nyanya na babu wenye hazina ya ngano, nyimbo na methali zisizoandikwa, funzo liko wazi. Mzee hangoji muhula uishe, na anapoondoka huondoka na maktaba yake.