Bachmann wa Mbozi



Tulipokuwa bwenini Uyole, wengi wetu tulilia wiki ya kwanza kwa kukumbuka nyumbani. Basi leo namsimulia Traugott Bachmann, mmisionari wa Kimoraviani kutoka Ujerumani, aliyefika huku mwaka 1892 na kufungua misheni ya Mbozi mwaka 1899. Hujulikana zaidi kwa Agano Jipya la Kinyiha, lililochapwa 1913.

Mwanzoni alizidharau mila za Wanyiha. Baadaye akageuka, akatetea kwamba mwenye wake wengi abatizwe bila kuwafukuza. Nadhani alijua uchungu wa nyumba kutawanyika. Desturi ya Wamoraviani ilikuwa mtoto wa mmisionari akifikia umri wa shule apelekwe Ujerumani, wazazi wabaki kazini. Reli haikuwapo: ni miguu hadi Ziwa Nyasa, boti kwa mito Shire na Zambezi, ndipo meli ya bahari. Likizo ya kurudi hapana. Mzazi alikuja kumkuta mwanawe keshakuwa kijana, pengine mgeni kwake. Na sisi tulililia muhula mmoja!

Vita Kuu ilimwondoa Bachmann Mbozi mwaka 1916. Alifariki 1948.