Harry Ferguson, Mwana wa Mkulima Aliyelitiisha Trekta

Mtu asimamaye juu ya vilima vya Osukuru, katika Wilaya ya Tororo nchini Uganda, huuona upande mmoja mji wa Tororo na mwamba wake mashuhuri, na upande wa pili nchi ya Kenya iliyo ng'ambo ya mpaka. Vilima hivi vinasifika kwa fosfeti, madini yatumikayo kutengenezea mbolea. Lakini kwa mkulima mdogo aliyepanda mikaratusi, misonobari au migrivea katika miteremko ya namna hii, jambo limsumbualo kila mwaka si madini bali ni nyasi. Mvua ikinyesha, nyasi huota upesi na kuinyang'anya miche maji na chakula. Jua likiwaka, nyasi hizo hizo hukauka, na cheche moja tu yaweza kuteketeza jasho la miaka kumi.

Mkulima huyo huanza kwa fyekeo na panga. Shamba likipanuka na vibarua wakiwa adimu, huanza kuwazia trekta dogo la kuvuta mashine ya kufyekea. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Trekta la ukubwa gani? Zito au jepesi? Na je, litapanda na kushuka kilima bila kumwangukia dereva? Kabla ya kutoa fedha zake, mkulima huyo atafaidika akiyajua maisha ya mtu mmoja aliyejiuliza maswali hayo hayo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mtu huyo ni marehemu Harry Ferguson, ambaye jina lake limeandikwa ubavuni mwa matrekta mengi yalimayo katika Afrika Mashariki.

Henry George Ferguson, aliyejulikana kwa jina la Harry, alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 mahali paitwapo Growell, karibu na mji wa Dromore, katika Jimbo la Down, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa nne miongoni mwa watoto kumi na mmoja. Baba yake alikuwa mkulima mshika dini, mwenye nidhamu kali. Harry aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 akafanya kazi shambani kwa baba yake. Alikuwa kijana mwenye umbo dogo, na kazi ya kutwa nyuma ya farasi na plau ilimchosha mwili na kumchukiza moyo. Mwaka 1902 alikuwa tayari kuihama nchi yake aende Kanada, lakini kaka yake Joe, aliyekuwa na karakana ya baiskeli na magari mjini Belfast, akamchukua awe mwanagenzi wake.

Katika karakana hiyo kipaji chake kilidhihirika. Alijifunza injini kwa mikono na masikio, akashiriki mashindano ya pikipiki na magari, kisha akavutiwa na ndege, chombo kilichokuwa kipya kabisa duniani. Aliunda ndege yake mwenyewe, na tarehe 31 Desemba 1909, huko Hillsborough, akairusha umbali wa mita 120 hivi. Kwa safari hiyo fupi akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini katika nchi ya Ireland. Mwaka 1911 alianzisha biashara yake ya magari mjini Belfast, na mwaka 1913 akamwoa Maureen Watson. Walijaliwa mtoto mmoja, binti.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomrudisha Ferguson kwenye udongo alioukimbia. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula, na serikali ilitaka mashamba yaongezwe haraka. Mwaka 1917 Ferguson alitakiwa na wakuu wa kilimo kuzunguka Ireland akiangalia matrekta ya serikali na namna yanavyofanya kazi. Alikwenda pamoja na fundi wake hodari, William Sands. Waliyoyaona hayakuwafurahisha. Matrekta mengi ya wakati huo yalikuwa mazito mno. Yaliushindilia udongo, yakanasa katika matope, na yalikokota plau kwa mnyororo kama vile farasi akokotavyo mkokoteni.

Hatari iliyowatia hofu zaidi ilikuwa ile ya trekta kusimama wima. Plau iliyokokotwa kwa namna ile ikigonga mwamba au kisiki, ilisimama ghafla. Injini haikujua hilo, iliendelea kusukuma. Kwa kuwa magurudumu ya nyuma hayakuweza kusonga mbele, trekta lenyewe lilijizungusha kwenye ekseli yake, magurudumu ya mbele yakainuka, na chombo kizima kikamwangukia dereva kichalichali. Hata trekta la Fordson, ambalo lilikuwa jepesi na la bei nafuu, lilikuwa na ila hiyo, na wakulima kadhaa walipoteza maisha yao.

Wengine waliona kwamba dawa ni kuongeza uzito. Ferguson aliona kinyume. Aliamini kwamba trekta na zana yake si vitu viwili vinavyofuatana, bali yafaa viwe kitu kimoja. Kwa miaka mingi yeye na mafundi wake walijenga, wakavunja, wakajenga tena. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 alikuwa amepata hataza ya uvumbuzi wake. Zana ilishikwa na mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu, na kuinuliwa au kuteremshwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa kwa pampu. Plau ilipokuwa ikilima, ule mkono wa juu ulisukuma kuelekea mbele na kuyakandamiza magurudumu ya mbele yasiinuke, huku uzito wa zana na wa udongo ukiyaongezea magurudumu ya nyuma nguvu ya kushika ardhi. Udongo ulipokuwa mgumu zaidi, mtambo uliinua plau kidogo wenyewe. Plau ilipokwama kwenye mwamba, magurudumu ya nyuma yaliteleza mahali pale pale badala ya kumpindulia dereva trekta. Hivyo chombo chepesi kiliweza kufanya kazi ya chombo kizito.

Kuvumbua ni jambo moja. Kumpata mtu wa kutengeneza ni jambo jingine. Mwaka 1933 Ferguson alikamilisha trekta lake la kwanza la majaribio, lililopakwa rangi nyeusi. Mwaka 1936 alishirikiana na David Brown wa Huddersfield, Uingereza, kutengeneza trekta la Ferguson-Brown, lakini yaliuzwa matrekta yapatayo 1,350 tu, na washirika hao wakatofautiana. Ndipo Oktoba 1938 Ferguson alipovuka bahari na trekta lake hadi Dearborn, Marekani, akamwonyesha Henry Ford namna linavyolima. Ford, ambaye naye alikuwa mwana wa mkulima, aliridhika papo hapo. Wazee hao wawili walikubaliana kwamba Ford atatengeneza na Ferguson atauza, wakapeana mikono. Hapakuwa na mkataba wa maandishi.

Trekta lililotokana na makubaliano hayo lilitolewa hadharani Juni 1939, na kufikia mwaka 1947 zaidi ya matrekta 300,000 ya aina hiyo yalikuwa yametengenezwa. Lakini Henry Ford alizeeka, na uongozi wa kampuni ukashikwa na mjukuu wake. Mjukuu huyo hakujiona amefungwa na mkono aliopeana babu yake. Akavunja ushirikiano na kuanza kuuza trekta jipya lenye mtambo ule ule wa Ferguson. Mwaka 1948 Ferguson alifungua mashtaka akidai dola milioni 251. Kesi ilidumu miaka minne, ikamla fedha na afya. Mwaka 1952 ilimalizika kwa mapatano, naye akalipwa dola milioni 9.25. Wapo walioona ameshinda, kwa kuwa mwenye karakana ndogo ya Belfast alikuwa amelilazimisha mojawapo la mashirika makubwa kabisa duniani kulipa. Hata hivyo, somo la kuandikiana lilikuwa limemgharimu sana.

Wakati kesi ikiendelea, Ferguson hakukaa bure. Tangu mwaka 1946 trekta lake la TE20, dogo, la rangi ya kijivu, lilikuwa likitengenezwa mjini Coventry, Uingereza. Uzito wake ulizidi tani moja kidogo tu. Hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1956, yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000, yakaenea katika mabara yote, na Afrika Mashariki pia. Mwezi Januari 1958 Edmund Hillary aliifikia Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta ya aina hiyo yaliyofungwa minyororo ya kukanyagia theluji.

Miaka ile ile, Tanganyika ilikuwa ikishuhudia fundisho la upande wa pili. Mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa na baadaye Urambo na Nachingwea, ulitegemea mitambo mikubwa na mizito. Visiki viliivunja, udongo mgumu wa kiangazi uliilemea, vipuri na mafundi wakakosekana. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Wahenga walikwisha kunena kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Mashine huchaguliwa kwa kuiangalia ardhi kwanza.

Mwaka 1953 Ferguson aliiunganisha kampuni yake na ile ya Massey-Harris ya Kanada, na mwaka uliofuata akajitoa. Tangu mwaka 1958 kampuni hiyo ilijulikana kwa jina la Massey Ferguson. Yeye aligeukia utafiti wa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, ili yasiteleze barabarani na kuua watu. Hata hivyo, maisha yake ya ndani hayakuwa mepesi. Alikuwa mtu wa msimamo mkali, mgumu kufanya naye kazi, na kwa miaka mingi alisumbuliwa na kukosa usingizi na huzuni nzito. Alifariki nyumbani kwake Abbotswood, Uingereza, tarehe 25 Oktoba 1960, akiwa na umri wa miaka 75, baada ya kuzidisha dawa za usingizi. Uchunguzi wa kifo chake haukuamua kama ilikuwa ajali au hiari yake.

Sasa turudi Osukuru. Mkulima wa miti anayechagua trekta dogo leo, liwe la kampuni yoyote ile, ataikuta nyuma yake ile mikono mitatu ya Ferguson. Hiyo ni faida kubwa, maana mashine ya kufyekea itafungwa na kufunguliwa kwa urahisi, na siku nyingine atafunga zana ya namna nyingine. Lakini asidhani kwamba Ferguson alimaliza hatari zote. Uvumbuzi wake ulilizuia trekta lisipinduke kwa nyuma likivuta plau. Haukulizuia lisibingirike ubavuni penye mteremko. Aidha, mashine ya kufyekea ikiwa imeinuliwa nyuma wakati wa kupanda kilima, huyapunguzia magurudumu ya mbele uzito, na usukani hupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo yafaa kufunga vyuma vya uzito mbele.

Basi mkulima na achague trekta lililo fupi kwa kimo, ambalo magurudumu yake yaweza kutanuliwa, na linaloendeshwa kwa magurudumu manne. Lisikose fremu imara ya chuma juu ya kiti, pamoja na mkanda, na mkanda huo ufungwe. Fremu bila mkanda humwacha dereva arushwe nje na kulaliwa. Alipime shamba lake kabla ya kupima nguvu za injini. Miti iliyopandwa kwa mita 3 kwa mita 3, yaani miti 1,111 katika hekta moja, haiachi nafasi ya trekta pana, hasa matawi yakishaota. Kwenye mteremko, salama ni kufyeka kwa kupanda na kushuka moja kwa moja kwa gia ndogo, si kwa kukata kilima ubavuni. Kwa hiyo mistari ya miti ipangwe tangu siku ya kupanda ili trekta lipate njia hiyo. Kwa kuwa nyasi hukatwa tu bila kung'olewa, mizizi yake itaendelea kuushika udongo usichukuliwe na mvua. Vichuguu, mashimo na visiki vitafutwe kwa miguu na kuwekewa alama kabla ya trekta kuingia. Na mahali ambapo mtu mwenyewe husimama kwa shida, pasiingizwe trekta kabisa. Pabaki kazi ya fyekeo.

Mwisho, mkulima aulize juu ya vipuri na fundi wa karibu, na apewe hati iliyoandikwa ya mauzo na dhamana. Tajiri Henry Ford alitoa mkono wake tu, na tumeona yaliyofuata.

Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Harry Ferguson, aliyeichoka plau angali mtoto, aliutumia umri wake kutafuta namna ya kumrejesha mkulima nyumbani jioni akiwa mzima. Anayenunua trekta la kilimani na alianzie hesabu hapo, ndipo ahesabu bei.